Njia ya Nne

Saa tatu na dakika kumi asubuhi injini iliwaka, na mama aliyekuwa akianika mihogo ng'ambo ya barabara akaacha ungo wake chini, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilidhani amekumbuka chungu jikoni. Kisha mlango wa pili ukafungwa, na wa tatu, bila kelele, kama watu wanavyofunga mvua inapokaribia. Jua lilikuwa kali na mtaa wetu wa Mpumudde, mjini Jinja, ulikuwa umejaa watu wanaokwenda sokoni. Muda si muda tulibaki mimi, pikapu na kuku. Nilikuwa nimeshika saa mkononi kwa sababu kitabu changu kilisema injini iliyofungwa upya iachwe iungurume polepole kabla ya kupewa mzigo, nami nilikuwa mtu wa kufuata kitabu. Kwa hiyo niliangalia mshale wa saa, na ilichukua muda kabla sijasikia nilichokuwa nikikisikiliza. Kifuniko cha kuchujia hewa hakikuwepo, maana miaka ile vitu vya namna hiyo havikupatikana, na injini ilisikika wazi ikivuta hewa. Ilivuta mara tatu, kwa kina, kama mtu aliyelala usingizi mzito. Pumzi ya nne iliizuia. Mara tatu tena, halafu ikazuia.

Mwenye nyumba wangu alitoka akiwa na mwiko mkononi. Tulimwita Nabirye kwa sababu alikuwa amezaa mapacha. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, na nusu ya ile pikapu ilikuwa yake. Nusu nyingine ilikuwa yangu. "Zima," alisema. Nikamwambia kitabu kinataka tungoje. "Zima hiyo kitu, mwana wange. Hiyo gari naijua." Nikamjibu kwamba anaijua kwa sababu ni yake. Alitikisa kichwa. "Gari ni yangu. Hiyo pumzi si yangu."

Mwezi uliopita, miaka mingi baada ya asubuhi ile, Halima, binti wa fundi Ramadhani, alinipigia simu kutoka Mbale kunieleza kwamba baba yake ametutoka. Niliwahi mazishi. Watu walipokwisha kutawanyika alinipeleka kwenye karakana ya marehemu, akanionyesha rafu ya juu karibu na dirisha. "Kile chuma," alisema. "Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakiulizia mara mbili. Mama alisema tusikiguse mpaka ufike wewe." Nilisimama pale muda mrefu kuliko heshima ya msiba inavyodai. Mimi ni mtu wa vipimo na siamini mambo mengi ambayo hayapimiki. Lakini nimefanya kazi ya injini maisha yangu yote kwa sababu ya chuma kile, na sijawahi kumweleza mtu habari za mwaka kiliponijia kwa mpangilio.

Mwaka huo vita vilikuwa vimekwisha kwetu na havijaisha kwingine; upande wa Teso watu walikuwa bado wakikimbia, na barabara ya kwenda huko ilikuwa na vizuizi. Kiwanda nilichofanyia kazi Jinja kilikuwa kimefungwa. Akiba yangu yote niliiweka kwenye nusu ya pikapu, kwa mapatano kwamba nitaiendesha na kuitengeneza, na Nabirye atanunua mahindi Budondo tukayauze Mbale. Siku ya kwanza tu kichwa cha injini kilipasuka. Kichwa ni lile pande la chuma linalofunika injini kwa juu. Ndani yake mna njia za kuingiza hewa na njia za kutolea moshi, na kuzizunguka njia hizo hupita maji ya kupoza. Nilipata kichwa kingine kwa muuza vyuma wa Nalufenya, kilichokuwa kimelala kwenye rundo chini ya mabati. Vipuri vyote vya miaka ile vilikuwa na wenyewe, na kanuni ilikuwa moja: hakuna aliyeuliza. Nilipoingiza kidole nilistaajabu. Njia tatu za hewa zilikuwa zimepanuliwa kwa tupa na kulainishwa kwa msasa, kazi ya mkono, nzuri kuliko picha za kitabu changu. Mafundi hufanya hivyo ili injini ivute hewa zaidi na kubeba mzigo zaidi. Njia ya nne ilikuwa imepanuliwa mpaka katikati, kisha kazi ikakatika, na mbele yake chuma kilikuwa kama kilivyotoka kiwandani. Nilifikiri fundi aliitwa, akaondoka kidogo, hakurudi.

Nilikifunga hivyo hivyo, na matokeo yake nimeshayaeleza. Tulipofika Budondo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wakulima waliokuwa wametuwekea mahindi walisikia pikapu ikiingia, na tulipofika kwenye maghala tulikuta milango imefungwa na majivu ya moto bado ya moto. Mzee mmoja peke yake alibaki kwenye kigoda. Alimwambia Nabirye, kwa adabu, kwamba mahindi yapo lakini gari lile halitaingia uani kwake. Wakati wa vita lilikuwapo gari lililokuwa likija kuchukua watu, alisema, nalo lilipumua hivyo. Nikamweleza habari ya njia tatu pana na moja nyembamba, kwa urefu, na kwa kuchora ardhini. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Umesema kweli," akasema. "Basi ni hilo."

Jioni ile Nabirye alinipakulia ndizi na mchuzi wa karanga, na alipokuwa akipakua alitoa hukumu. "Mahindi nimeshayalipia, yako ghalani, na panya hawangoji. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Hiyo pumzi ikiwa bado iko, nauza pikapu kwa kilo, na nusu yako inaenda na yangu." Nikamwambia dawa ni kupanua njia ya nne ilingane na zile tatu, na kwamba naweza kuifanya mwenyewe. Akaweka sahani chini. "Wewe Bwana Kitabu, mtu hajifunzi kunyoa kwenye kichwa cha mwenziwe. Nusu ya hicho kichwa ni yangu. Mpelekee fundi." Fundi wa kazi hiyo alikuwa mmoja tu katika pande zetu, Mnubi mmoja wa Mbale, wa uzao wa wale askari wa zamani wa Kisudani, aliyekuwa amerudi kutoka ukimbizini, na bei yake, tulivyosikia, ilikuwa shilingi elfu kumi na mbili. Nabirye alitoa nusu ya fedha hizo palepale, kutoka kwenye fundo la nguo yake. Alinionya, kwa lugha ya nyumbani tuliyozungumza sikuzote, kwamba huyo Mnubi akija pale nyumbani nisiongee naye Kiswahili. "Hiyo lugha ilikuja kwetu na bunduki." Kumbe Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata hasa mwaka ule, na kwa mtu yule.

Nilikifungua kichwa, nikakitia kwenye gunia, nikapata lifti kwenye lori la chumvi. Kwenye kizuizi kabla ya Tororo askari kijana alilipiga gunia kwa mguu. "Ndani iko nini?"

"Kichwa, afande."

Alinitazama, akamtazama mwenzake. "Kichwa ya nani?"

"Cha gari, afande. Cha injini."

Mwenzake alicheka mpaka akashika magoti. "Wewe, siku ingine anza na gari!" Lakini yule wa kwanza hakucheka. Aliniamuru nifungue, akachungulia zile njia, akarudi nyuma hatua moja na kusema nifunge, nifunge haraka, niende.

Nyumba ya fundi Ramadhani ilikuwa upande wa mjini unaotazama mlima Wanale, na karakana ilikuwa chumba cha mbele. Meza ya mbao ngumu, tupa zimepangwa kwa ukubwa ukutani, beseni la maji na sabuni kando ya mlango. Kwenye rafu kulikuwa na vichwa viwili vya injini vilivyongoja wenyewe, na kimojawapo kilikuwa na nukta tatu zilizopigwa kwa ncha ya chuma pembeni mwa njia. Nilimwuliza ni za nini. "Hapo ukuta mwembamba," alisema. "Nyuma yake kuna maji. Mwalimu wetu alitufundisha: pigia nukta tatu, atakayekuja baada yako ajue." Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri. Kabla ya kugusa mzigo wangu alinawa mikono hadi viwiko. Mkewe, Bi Zamzam, alikuwa akipita na birika, akaniambia, "Huyu akinawa hivi kabla ya kazi na baada ya kazi, sabuni yote ya nyumba inakwenda kwenye magari ya watu." Ramadhani akasema bila kugeuka kwamba ndiyo sheria waliyolelewa nayo: unanawa kabla, unanawa baada, katikati hunawi. "Ukinawa, umemaliza."

Alifumba macho akaingiza kidole kwenye njia ya kwanza. Akakizungusha taratibu. Akaenda ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kidole kilifika katikati akakichomoa kama aliyeungua. Nje palikuwa mchana mweupe, watu wanapita na mitungi, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo. "Hii umetoa wapi?" aliuliza. Nikamweleza. Akamwita mkewe, akamshika mkono, akakipeleka kidole chake ndani ya chuma. Bi Zamzam aliguna, akauvuta mkono na kuufunika kwa kanga.

"Mimi na kaka yangu Farajala tulifundishwa na mtu mmoja," Ramadhani aliniambia. "Mimi mkono wa kulia, yeye wa kushoto. Angalia mikwaruzo inavyolala. Nchi hii hakuna mwingine." Nilichungulia kwa tochi. Mikwaruzo ya tupa ililala upande wa kushoto, yote, sawasawa kama nywele zilizochanwa. Farajala alibaki Jinja wao walipokimbia. Alikuwa na karakana yake. Siku moja gari lilikuja, na hakuonekana tena. Majirani walisema alichukuliwa akiwa kazini, mikono imejaa grisi, hakupewa hata nafasi ya kunawa. Ramadhani aliirudia sehemu hiyo ya mikono. Ndiyo iliyomuumiza. Aliweka kidole kwenye njia ya nne, pale kazi ilipokatika. "Basi ni hapa," alisema. "Hapa ndipo walipomkuta."

Walinipa gurusa, mkate wao laini kama chapati ya maji, na mchuzi wa bamia, nikala peke yangu nyuma ya pazia. Upande wa pili walikuwa wakibishana kwa Kinubi. Sikuelewa ila jina la Farajala, lililorudi mara kwa mara. Kisha nikasikia Bi Zamzam, kwa Kiswahili, labda makusudi ili nisikie: "Usimlaze mezani. Watoto wanakula hapo."

Ramadhani alikataa kazi. Hakusema hajui wala hana nafasi. Alisema akiendelea kutoka pale kaka yake alipoachia, atakuwa amemzika kwa mkono wake, na yeye hajamwona maiti. Aliomba nimwachie kile chuma. Nikamweleza kuhusu mahindi, mwisho wa mwezi, akiba yangu; nilieleza kwa utulivu na kila neno lilikuwa kweli. Alikubali kwa kichwa. Hakutaka senti yoyote kwa kukitazama. Aliponifungia gunia alisema, "Usiiguse mwenyewe, mwanangu. Ile ya nne iache." Nilidhani ni uchungu unaosema. Ulikuwa uchungu, na mimi nilijua kipimo cha kila njia mpaka sehemu za milimita, na yeye alijua vyuma kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na hapana mmoja wetu aliyejiuliza swali la kifundi: kwa nini kazi iliishia pale. Yeye aliona kaka yake pale. Mimi niliona kazi iliyokatizwa, kwa sababu mwaka ule kila kitu nilichokiona kilikuwa kimekatizwa.

Fundi mwingine hakuwapo na mwisho wa mwezi ulikaribia, kwa hiyo nilianza kuipanua ile njia ya nne mwenyewe, siku ya mvua, saa nane mchana, chumbani kwangu. Nilikata kadibodi kwa umbo la njia ya tatu ili niitumie kama kipimo, nikaweka kichwa juu ya godoro lililokunjwa, nikaanza na tupa ya mviringo. Kwa mkono wa kulia tupa haikupita. Kona ya njia ilikuwa imeshachongwa kwa mtu aliyesimama upande wa pili. Nikahamia kushoto, mkono ambao sikuwahi kushikia hata kijiko. Ulikwenda. Ulikwenda vizuri kuliko nilivyostahili, ukafuata mikwaruzo iliyokuwepo kama gurudumu linavyofuata mfereji wa barabara ya udongo, na nilikuwa na hisia ya kutosukuma kitu. Upande wa pili wa ukuta Nabirye alikuwa akipukuchua mahindi.

"Bwana Kitabu," aliita, "umepata msaidizi?"

"Niko peke yangu, Nabirye."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye beseni. "Nasikia tupa mbili. Moja inaenda, moja inajibu."

Niliacha. Mvua tu. Nikaanza tena, na safari hii nikasikia: baada ya kila mkwaruzo wangu, mwingine, mfupi kidogo, kutoka ndani ya chuma. Nikajiambia ni mwangwi, kwamba njia tatu tupu zinarudisha sauti ya ile ya nne. Bado nasema ni mwangwi. Lakini niliharakisha, nikabonyeza zaidi ya nilivyokuwa nikibonyeza, kwa sababu nilitaka imalizike kabla giza halijaingia. Jioni kadibodi iliingia ikakaa sawasawa. Ndipo nilipoona, ukutani mwa njia, doa jeusi dogo kuliko punje ya mtama. Nilimimina maji kwenye matundu ya kupozea. Tone moja likatokea kwenye doa, likakaa, likateremka. Chuma cha aina ile hakikubali kuchomelewa hovyo. Kichwa kilikuwa kimekufa.

Nilirudi Mbale nikiwa na gunia lilelile, kwa sababu kama kulikuwa na mtu wa kuziba tundu lile alikuwa yeye. Ramadhani aliniona mlangoni, hakunikemea. Alinawa. Akatafuta tundu kwa ncha ya kijiti, akalipata. Kisha akageuza chuma upande wa nje, pale kichwa kinapokutana na bomba la hewa, na kuanza kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani, ile karatasi inayozibia maungio. Mimi nilikuwa nimeyaacha. Nilipofunga niliweka karatasi mpya juu yake kwa grisi, kwani kitabu hakikutaja mabaki. Yalikuwa meusi, yameungua, yameshikana na chuma kama ukoko. Yalipobanduka pembeni mwa njia ya nne, tukaona nukta tatu.

Ramadhani alizigusa moja moja. Halafu alizungumza taratibu, kama anayehesabu, na mimi nilimfuata hatua kwa hatua kwa sababu hiyo ndiyo lugha niliyoielewa. Kaka yake aliujua ukuta ule ni mwembamba. Aliacha kwa hiari yake. Akapiga nukta ili atakayekuja ajue. Na gasketi ilikuwa juu ya nukta, imeungua. Maana yake baada ya kupiga nukta, kichwa kilifungwa, gari likawaka, likatembea, tena siku nyingi. "Alimaliza," Ramadhani alisema. "Alifunga, akakabidhi. Hawakumkuta hapa." Alimwita mkewe, naye akaja akifuta mikono. "Zamzam. Alinawa."

Bi Zamzam aliuliza lile ambalo sisi wawili hatukuliuliza. "Sasa kama hawakumkuta hapo, yuko wapi?" Nami nilikuwa nikifikiri lingine, ambalo sikulisema siku ile wala baadaye: kwamba gari lililoondoka likipumua mara tatu na kuzuia ya nne lilipewa pumzi hiyo na mkono wa Farajala, na labda ndilo gari lililomjia.

Tundu hakulijaribu. Aliniuliza bei ya kichwa, nikasema hakina bei, kimetoboka. Akakipandisha kwenye rafu ya juu karibu na dirisha, kisha akanionyesha upande mtupu wa meza. "Simama hapo," alisema. "Mkono wako wa kushoto si mbaya." Mwisho wa mwezi Nabirye aliuza pikapu kwa kilo, kama alivyoahidi, na fedha zikafidia mahindi yake yaliyoliwa na panya. Alinitumia salamu kwamba kitabu changu bado kiko juu ya kabati na hatakichoma.

Halima ananiambia kwamba wiki ya mwisho baba yake hakuwa akiwatambua, lakini kila walipomwosha alitazama mikono yake na kusema, "Farajala alinawa." Hakuna aliyewahi kuja na habari nyingine za kaka yake. Siku ya mazishi, nilipokuwa nimesimama chini ya ile rafu, upepo ulishuka kutoka Wanale ukaingia dirishani, na chuma kikavuta pumzi: moja, mbili, tatu. Nilingoja kimya cha pumzi ya nne, nilichokizoea. Badala yake ukaja mluzi mwembamba sana, kutoka kwenye tundu nililolitoboa mimi. Halima alisema huwa kinafanya hivyo alasiri. Nilimwambia mnunuzi wa vyuma ajibiwe hakiuzwi.

Nabirye nilimrudishia elfu sita zake zote. Nusu yangu ya pikapu haikurudi: shilingi elfu sitini.